CHETI CHA DAKTARI KITAJE PIA MAJERAHA YA AKILI



Mtu aliyebakwa au kuteswa akifika mapema kituo cha afya, hutibiwa na kuandikiwa cheti cha kupeleka polisi. Lakini akifika baada ya wiki mbili, michubuko imekwisha kupona, cheti kitasema nini? Kikitazama mwili tu, kitasema hakuna alama. Mbele ya hakimu, maneno hayo husikika kana kwamba hakuna lililotokea.

Watu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, wanalijua jambo hili. Mwaka 1972, na tena 1993 na 2015, wengi walikimbilia Tanzania. Anayekimbia huokoa maisha kwanza. Kueleza huja baadaye.

Tena hofu kubwa huvuruga kumbukumbu. Mwathirika anaweza kukumbuka sauti au harufu, lakini akasahau siku au mfuatano wa mambo. Akiulizwa na muuguzi, kisha polisi, kisha mahakama, maelezo hayalingani. Watu husema anadanganya, kumbe huenda ni dalili ya jeraha lenyewe.

Burundi ilipitisha sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia mwezi Septemba 2016. Kituo cha Seruka mjini Bujumbura, kilichoanza 2003, na kile cha Humura mjini Gitega, kilichofunguliwa 2012, vimeonyesha kwamba matibabu, ushauri nasaha na msaada wa sheria vinaweza kwenda pamoja. Lakini mama wa Rumonge hapaswi kusafiri kilomita 70 hivi kwenda Bujumbura ili jeraha lake la akili liandikwe.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Cheti kiwe na sehemu ya hali ya akili: usingizi, hofu, kumbukumbu. Ijazwe na muuguzi au mshauri aliyefunzwa. Mwongozo upo: Itifaki ya Istanbul ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1999, iliyorekebishwa 2022.

2. Maelezo yachukuliwe mara moja kwa ukamilifu, na yatumiwe na wengine kwa idhini ya mwathirika.

3. Mkalimani asiwe jamaa wala jirani.

Wengine watauliza: je, mtu hawezi kujifanya mgonjwa? Ndiyo maana anahitajika aliyefunzwa kupima. Naye hasemi nani ametenda kosa. Hiyo ni kazi ya hakimu. Uchunguzi makini humlinda pia anayesingiziwa.

Viongozi wa kamati za afya, lipelekeni jambo hili kwenye mikutano na wakuu wa hospitali na polisi.

KUMBUKA: Aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Zikipita, afike vilevile. Matibabu na ushauri bado vinamsaidia.