Vumbi la Machimbo Nyumbani

Juma hili twataka kusema juu ya ufagio. Hapa Kolwezi, wakati wa kiangazi, meza iliyopanguswa asubuhi imekwisha kuwa nyekundu kabla ya saa sita. Mama mwenye bidii hushika ufagio, akafagia kwa nguvu, majirani wakamsifu. Nasi twamsifu, lakini ufagio mkavu hauondoi vumbi. Hulirusha hewani tu, nalo hutua juu ya kitanda cha mtoto na ndani ya sahani.

Katika mji mwingine hasara ingekuwa ndogo. Vumbi letu lina madini. Mtaani Kasulo, mwaka 2014, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba, na watu wakachimba mashimo viwanjani mwao, hata vyumbani. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven waliwapima wakazi wa mtaa huo, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba mkojo wa watoto ulikuwa na kobalti mara kumi kupita ule wa watoto wa mahali pengine. Watoto hucheza chini, kisha hutia vidole kinywani. Kwa hiyo tuanze na sakafu.

Sakafu ya saruji ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, tangu chumba cha ndani mpaka mlangoni. Wekeni ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, ya pili ya kusuuzia kitambaa. Sakafu ya udongo haioshwi. Inyunyizieni maji kidogo, ngojeni vumbi lishikane, ndipo mfagie polepole. Meza na madirisha, kitambaa chenye maji vilevile. Sahani zifudikizwe, zisuuzwe tena kabla ya kupakua bukari.

Wengi hupenda harufu ya maji ya javeli, wakidhani huondoa kila ubaya. Huua vijidudu, madini hayaondoi. Wala msiyachanganye kamwe na ndimu au siki, maana hutoa hewa ya sumu ichomayo mapafu.

Baba atokaye machimboni avue viatu na nguo za kazi nje. Nguo hizo zisikung'utwe, bali zilowekwe katika beseni la peke yake, mbali na nguo za mtoto. Na gunia lililobeba mawe ya madini lisitiwe unga, hata likifuliwa mara saba.

Mtauliza: je, mama mwenye kitambaa atayashinda malori? Hatayashinda. Kuzuia vumbi ni wajibu wa wenye machimbo na wa serikali, nasi hatupendi mzigo huo uhamishiwe kichwani pa mama. Lakini mtoto anatambaa leo.

Yasalia maji machafu ya ndoo. Msiyamwage katika bustani ya lengalenga wala karibu na kisima. Chimbeni shimo dogo mbali na jiko, na lifunikwe ili watoto wasilichezee.