Msitupimie Gemu kwa Picha

Nimechoka na orodha. Kila mwaka mtu fulani huko Marekani au Uingereza, aliyeketi karibu na seva kama mimi nilivyo karibu na Ngome ya Yesu, anatupangia gemu bora za mtandaoni, zile za kuvaa uhusika na kuishi dunia moja na maelfu ya watu. Nambari moja ni Final Fantasy XIV, kwa hadithi yake. Ya pili World of Warcraft, mkongwe asiyezeeka. Black Desert nayo haikosi, nadhani kwa sababu nywele za wahusika zinapepea vizuri. Halafu chini kabisa, kama jina la mjomba maskini kwenye kadi ya harusi, unaikuta RuneScape: "picha mbovu, ya zamani." Na vijana wetu wa Kibokoni na Makadara wanaisoma orodha hiyo, wanaiamini, wanakuja maskani kuturudishia maneno yaleyale.

Nacheza gemu hizi tangu enzi za saiba, na nasema orodha hiyo iko kichwa chini miguu juu. Msiniambie nautetea utoto wangu. Swali langu ni moja: mtu wa mbali, asiye na kadi ya benki, anaweza kuwa mtu kamili ndani ya dunia hiyo, au atabaki mgeni hadi akaunti yake ife?

Tuanze na umbali. Kabla ya 2009 sisi huku tulikuwa tukiifikia dunia kwa setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa kama kilomita 36,000 juu yetu. Ujumbe wako hupanda, ukashuka, jibu nalo likapanda, likashuka. Hiyo ni karibu nusu sekunde hata kabla hujailaumu kompyuta ya saiba, na saiba yenyewe ulilipa kwa dakika. Sasa mtu akuambie ucheze World of Warcraft: adui mkubwa anainua mkono, una sekunde moja na kitu ya kumkatiza, nawe unauona mkono ukiinuka wakati wenzako wa Ujerumani washakufa kwa sababu yako. Na hapo ushalipa dola 15 za mwezi. Kwa kadi ipi, hakuna aliyeuliza.

RuneScape, iliyotoka Cambridge mwaka 2001, ilifunguka ndani ya brauza. Hukupakua kitu cha kumwudhi mwenye saiba. Lakini siri yake hasa ilikuwa mapigo. Seva ya RuneScape hupiga pigo moja kila sekunde 0.6, na kila kitu, upanga, hatua, samaki anayenasa, hutokea juu ya pigo. Ukibofya mapema ndani ya pigo au ukibofya mwishoni mwake, ni mamoja. Ni kama ngoma: anayecheza hapigi mguu anapotaka, anaungoja mdundo. Mtoto wa Cambridge alikuwa juu ya mdundo, mimi wa Mombasa nilikuwa nyuma mdundo mmoja, na kwa mdundo mmoja mtu anaweza kushindana. Waliounda gemu ile hawakutufikiria sisi hata kidogo. Lakini mlango waliouacha wazi tulipita.

EVE Online inafanya jambo la ajabu zaidi. Meli zikikusanyika maelfu mahali pamoja, seva haiwaangushi walio mbali ili walio karibu wafaidi. Inapunguza mwendo wa wakati wenyewe, hadi asilimia 10 ya kawaida, kwa kila mtu. Vita vya B-R5RB vya Januari 2014 vilikwenda hivyo karibu siku nzima. Polepole, ndiyo. Lakini ulikuwa upole wa wote.

Mtaniambia hayo yamepitwa. TEAMS ilitua hapa Mombasa Juni 2009 ikitokea Fujairah, SEACOM ikawashwa mwezi uliofuata, EASSy ikaja 2010. Kweli, usiku ukiwa mzuri napata milisekunde 150 hivi hadi Ulaya. Basi hebu jaribu Final Fantasy XIV kwa milisekunde hizo. Pigo lake kubwa ni sekunde 2.5, na mchezaji mzuri huchomeka mbinu mbili ndogo katikati ya mapigo. Kila mbinu humfunga mhusika wako hadi jibu la seva lifike. Aliye Ulaya anachomeka mbili, wewe unachomeka moja na robo. Wachezaji wa mbali walifikia kujitengenezea programu za kuziba pengo hilo, ambazo kanuni za gemu zenyewe zinazikataza. Gemu inayokulazimisha uvunje sheria ndipo uwe sawa na mwenzako, halafu ndiyo nambari moja? Nyaya zinatua kwetu, yakhe, lakini kati ya hizo zinazosifiwa sijaona seva hata moja iliyokuja kukaa Mombasa.

Lakini umbali ni nusu tu ya shauri. Nusu nyingine ni soko, na hapa sisi watu wa Mji wa Kale hatuhitaji kufundishwa na mwandishi wa orodha.

RuneScape ya mwanzo haikuwa na duka kuu. Ulitaka kuuza, ulikwenda Varrock katika Dunia ya 1, au Falador katika Dunia ya 2, ukasimama penye umati ukapiga kelele ya bidhaa yako, kama Markiti saa nne asubuhi. Kuna wezi, kuna waungwana, kuna anayekuambia "bei ya mwisho" mara saba. Novemba 2007 likaja soko la pamoja la kompyuta, muda mfupi baadaye kampuni ikabana biashara huru ili kuwakomoa wauza dhahabu. Ghafla huwezi kumpa ndugu yako upanga mpaka gemu ipime kama umeupata wa thamani sawa. Kumpa ndugu! Wachezaji walilia zaidi ya miaka mitatu, ikapigwa kura, na Februari 2011 biashara huru ikarudi. Mwaka 2013 wakaifufua hata gemu ya 2007 yenyewe, ikaitwa Old School RuneScape, na mpaka leo jambo jipya haliingii humo mpaka wachezaji walio wengi walikubali kwa kura: asilimia 75 hapo mwanzo, 70 siku hizi. Nitajieni gemu iliyo juu ya orodha yenu inayomwuliza mchezaji chochote.

Albion Online, ya 2017, imelielewa soko kuliko zote. Karibu kila silaha utakayoishika imetengenezwa na mchezaji. Na kila mji una soko lake, halijui bei za mji mwingine. Chuma rahisi hapa ni ghali kule, nani atakibeba? Wewe. Na njiani kuna majambazi ambao ni watu wa kweli, wakikuua wanachukua vyote. Hii ni jahazi, jamaa. Ni Lamu, Mombasa na Pemba, ni mzigo, msimu na roho mkononi. Tena inaingia kwenye simu tangu 2021, na seva ya Ulaya ilifunguliwa Aprili 2024. Kabla ya hapo tulikuwa tukienda hadi Marekani.

Linganisha na ukarimu unaosifiwa wa Final Fantasy XIV: jaribio la bure, hadi levo 70, bila kikomo cha muda. Maneno matamu. Kisha ukisoma vizuri: asiyelipa haruhusiwi kununua wala kuuza sokoni, haruhusiwi kubadilishana vitu na mtu, haruhusiwi kujiunga na chama cha wachezaji, na akiba yake ina kikomo. Umekaribishwa mjini kwa sharti usifanye biashara na usiwe na jamaa. Mtu wa namna hiyo sisi humwita mtalii. Ndani ya Old School na Albion asiye na kadi hulipia uanachama kwa kazi: anachimba, anavua, anauza, ananunua hati ya uanachama kwa dhahabu ya humohumo. Kazi ya kuchosha? Sana. Lakini jasho lake linakubaliwa kama fedha.

Na sasa niseme linalonikera hasa. Nyingi ya gemu za simu zinazojiita ndugu wa hizi zimelisukuma soko pembeni, mbele zimeweka kamari. Diablo Immortal ya 2022 haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria za huko juu ya visanduku vya bahati. Black Desert inakuuzia nafasi ya kuongeza nguvu ya silaha, ikifeli inarudi nyuma, na kinga ya kufeli unaweza kuipata kwa kununua nguo za mhusika na kuziyeyusha. RuneScape nayo si malaika: 2012 iliingiza gurudumu la bahati katika ile gemu yake kubwa, na wengi walihamia Old School kwa sababu hiyo. Na Albion, ndiyo, mwenye pesa hununua silaha kali. Lakini akizembea njiani silaha inakwenda na mwili. Pesa zimemnunulia jahazi, hazijamnunulia unahodha.

Mpwa wangu ana miaka 14. Aliniomba shilingi 200 za M-Pesa afungue kisanduku kwenye gemu moja ya simu, siitaji. Nikamwuliza zile za wiki iliyopita zilileta nini. "Hakuna, mjomba, lakini nilikaribia." Nilikaribia! Hilo neno nalijua. Ni la wazee wanaotoka duka la kubeti wakiwa na karatasi iliyokunjwa mkononi. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia pale, na mamake angemburura kwa sikio hadi nyumbani akimkuta mlangoni. Lakini duka lilelile limo mfukoni mwake, lina muziki mzuri na binti mwenye mabawa, na mama anasema alhamdulillah, mwanangu yuko ndani hazururi. Ndiyo maana siwezi kuzichekea orodha za picha. Ukimfundisha mtoto kwamba gemu nzuri ni inayong'aa, hujampa hata neno la kukikatalia kisanduku, maana kisanduku ndicho king'aacho kuliko vyote.

Sikumpa zile 200. Nilimfungulia akaunti ya Albion, nikamwonyesha mnadi wa Martlock na nikamwacha. Kwa wiki mbili alilalamika kuwa watu wake wana vichwa vikubwa na hakuna video. Juzi alibeba ngozi kwenda Caerleon, ambako njia zake ni nyekundu, akavamiwa na watatu wakamwacha uchi. Aliitupa simu kitandani, akatoka kwenda kununua viazi karai. Aliporudi, vidole bado vina ukwaju, aliniuliza kama ninajua ngozi hizo zinakwenda bei gani Bridgewatch, na kama kuna njia ya kupita usiku wakati wale watatu wamelala.