Keki ya Uzinduzi Haina Mhariri

Msimu wa kuzindua vitabu umefika tena. Wiki hii kadi za mialiko zimetapakaa kwenye magrupu ya WhatsApp kama za harusi: mwandishi kavaa suti, jina la mgeni rasmi limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu, na keki imeahidiwa. Kitabu chenyewe ni riwaya ya kwanza ambayo mswada wake haujapoa. Nyinyi mnaonisoma kila wiki na kuniita Kalamu Nyekundu mmeshajua ninakoelekea, basi nisiwacheleweshe: mswada uliokamilika si kitabu. Kazi ya mwandishi mpya inaanza pale anapodhani ameimaliza, na anayeiruka ili awahi ukumbi anamlipisha msomaji kwa kazi ambayo hakuifanya.

Tuitazame riwaya ambayo wengi tuliisoma kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mwandishi wake, Chinua Achebe, alipokwenda London mwaka 1956 kwa mafunzo ya utangazaji BBC, mswada alikuwa nao, na mkufunzi wake aliusoma akaupenda. Mwandishi wa siku hizi angekodi ukumbi jioni ile ile. Achebe alirudi nao Nigeria. Ulikuwa umebeba vizazi vitatu vya familia moja. Akatoa viwili, akabaki na kimoja na kukiandika upya, huku mchana akiwa kazini redioni. Kisha akaituma London nakala yake pekee, ya mkono, ikapigwe taipu, na kwa miezi hakusikia lolote hadi mkuu wake wa kazi, Angela Beattie, alipokwenda likizo huko na kuifuatilia mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1958, toleo la kwanza nakala 2,000. Kisa cha mjukuu alichokitoa hakikupotea: kilikuja kuwa riwaya nyingine, Hamkani si Shwari Tena. Kukata kulimpa vitabu viwili.

Nitaambiwa kwamba Achebe hakuwa na watoto wa kulea wala kodi ya nyumba inayomsumbua. Sawa, tumtazame Toni Morrison. Alikuwa akilea wana wawili peke yake na kuhariri vitabu vya wengine, hivyo riwaya yake ya kwanza aliiandika nje ya saa za kazi. Ilitoka mwaka 1970, yeye akiwa na miaka 39. Mzanzibari wetu Abdulrazak Gurnah alifika Uingereza miaka ya 1960 inapoishia, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Hakuna aliyepewa likizo ya kuandika. Siku za mwandishi wa namna hii hazina picha ya kuweka statasi: anasoma sura kwa sauti usiku wenzake wamelala, anahakikisha mjomba aliyezikwa sura ya tatu hachezi ngoma sura ya tisa, anamjibu mhariri anayeuliza mvua ya masika imenyeshaje mwezi wa Agosti, analinganisha prufu na mswada mstari kwa mstari, kisha kesho asubuhi anawahi daladala kwenda kwenye kazi inayomlisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wachapishaji wetu wanakimbilia vitabu vya shule, kwa sababu shule ndiyo soko, na riwaya ya mtu asiyejulikana hulala mezani kwao hadi ikaliwa na mchwa. Hilo nalikubali lote, na simlaumu anayejichapishia. Lakini aliyejifanya mchapishaji amerithi na wajibu wa mchapishaji. Namba ya ISBN inapatikana Maktaba Kuu, kiwanda cha uchapaji kinamsikiliza yeyote mwenye pesa, na kote huko hakuna atakayemuuliza kama sura ya tano ina uhai. Swali hilo ni la mhariri. Mtaniambia mhariri ni ghali. Mbona pesa ya ukumbi, fulana na MC ilipatikana?

Wapo pia wanaojifariji kwamba makosa yatarekebishwa toleo la pili. Toleo la pili huletwa na wasomaji wa toleo la kwanza, na msomaji aliyekuta mhusika mkuu amebadilika jina katikati ya kitabu harudi. Hamsusi mwandishi huyo peke yake, maana safari ijayo hatamwamini mwandishi mwingine yeyote mchanga, hata aliyehangaika na prufu zake miaka miwili. Halafu tunakaa kwenye makongamano tukilia kwamba watu wetu hawasomi. Wanasoma sana, wamechoka kuuziwa rasimu. Kwa hiyo, mwandishi wa riwaya ya kwanza, mwite mhariri, mlipe, umpe muda. Mgeni rasmi anaweza kusubiri hata mwaka mzima, kwa kuwa kitabu chako hana mpango wa kukisoma.