Orodha haina miguu



Kila mara vita vinapotuhamisha, tunapanga foleni. Mmoja anaandika jina lako, kijiji ulichotoka, hesabu ya watoto na namba ya telefone. Mwingine anakushika kidole na kukiweka juu ya mashine. Unakubali, kwa sababu watoto hawajala tangu jana. Wanaita hiyo ruhusa. Mimi naita kulazimishwa na tumbo.

Nani anatunza orodha hizo? Polisi wakiziomba, watapewa? Na mji ukipata wakubwa wapya, zinabaki kwa nani? Mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, mwezi wa pili Bukavu. Mkubwa ana gari la kukimbilia. Orodha haina miguu.

Wengine wanasema: asiye na kosa asiogope. Si kweli. Mwaka 1994, kule Rwanda, kitambulisho kilichoandikwa kabila kilitosha kumuua mtu kwenye bariere. Kosa lake lilikuwa nini? Anayeandika orodha leo hajui nani ataisoma kesho.

Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Mwaka 2023 nchi ilipata pia sheria ya mambo ya kidijitali, inayogusa ulinzi wa data za watu. Maneno mazuri. Lakini mwenye bunduki akikuambia kwenye bariere "fungua telefone", utamsomea kifungu cha 31? Na ukirudi nyumbani, utamshtaki wapi? Sheria isiyokuwa na mlango wa kubisha hodi ni karatasi tu.

Tunadai mambo matatu. Kabla ya kushika kidole cha mtu, aelezwe kwa lugha yake data zake zinaenda wapi na zitafutwa lini. Polisi na wanajeshi wasipewe orodha bila amri ya hakimu. Na mhami anayekataa mashine asinyimwe unga. Atafutiwe njia nyingine.

Musiseme raia hana nguvu. Makato ya RAM kwenye telefone zetu yaliondolewa mwaka 2022 kwa sababu watu walipiga kelele. Zile zilikuwa pesa tu. Namba ya telefone utabadilisha. Kidole utabadilisha namna gani?