Jembe Halipigi Domo

Lipo kosa moja lililozoeleka mno katika ofisi na semina za Afrika ya Mashariki hata halionekani tena kuwa ni kosa. Nalo ni imani kwamba ubunifu kazini ni tunu ya watu wa hulka moja tu: wasemaji, wajasiri, wapenda mageuzi, wasiostahimili utaratibu wa jana. Mtu wa namna hiyo akiingia katika usaili hupokewa kama nuru. Mwenzake mpole, anayefikiri kabla ya kunena na kurekebisha badala ya kubomoa, huandikiwa kuwa hana haiba ya uongozi, kisha hurudishwa kwenye majalada yake. Haya yote hutendwa kwa jina la elimu ya nafsi; na elimu yenyewe imesingiziwa.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Uingereza, Michael Kirton, alichapisha nadharia iliyotenganisha mikondo miwili ya ubunifu. Uko mkondo wa mrekebishaji, atatuaye tatizo kwa kuuboresha mfumo aliomo. Na uko wa mgeuzaji, auvunjaye mpaka wa mfumo ili atafute jawabu nje yake. Kirton alisisitiza kwamba tofauti hii ni ya namna, wala si ya kiasi: hakuna kati ya hao wawili aliye mbunifu zaidi kwa sababu ya hulka yake. Semina zikaichukua nusu ya pili ya nadharia, nusu ya kwanza zikaitupa.

Anayetaka kuupima upotofu huo na aitazame Kingerikiti na milima inayoizunguka, kati ya mji wa Mbinga na ufuo wa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa yote chini ya Mbinga kabla ya Nyasa kufanywa wilaya mbali mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hiyo ni nchi ya miteremko mikali, ambako udongo usiohifadhiwa huchukuliwa na mvua ukaishia mabondeni. Katika milima hiyo Wamatengo walibuni kilimo cha ngoro. Mvua zinapoelekea ukingoni, wanaume hufyeka majani; yakikauka, hulazwa kwa mistari inayokatizana hata mteremko wote ukagawanyika miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu wa mvua ufuatao hupandwa mahindi. Majani huoza yakawa mbolea, shimo huyapokea maji na udongo uliokuwa ukikimbia, na mlima hutazamika kama sega la nyuki.

Ni nani aliyevumbua ngoro? Hana jina. Wanahistoria wengi huufungamanisha ustadi huu na karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yalipowasonga watu milimani wakalazimika kuishi kwa ardhi finyu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Palikuwa na pa kurekebisha tu. Hapana shaka kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja wala kwa kauli ya mtu mmoja. Ilikamilishwa na mikono iliyoona mwaka huu kwamba tuta limebomoka, na mwaka uliofuata ikalijenga vingine. Mwaka 1938 A. H. Pike aliiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walikwenda huko kujifunza. Waliokwenda kujifunza wana majina; waliofundisha hawana.

Linganisha na yaliyotokea Uluguru. Huko serikali ya kikoloni ilikuja na mageuzi yake ya matuta ya ngazi, ikayalazimisha kwa amri, na mwaka 1955 yakazaa ghasia hata mpango ukaachwa. Shabaha ilikuwa ile ile, kuuzuia udongo usiporomoke. Lakini mpango wa Uluguru uliletwa na watu waliojiona wabunifu kuliko wenye shamba.

Mtetezi wa wajasiri atasema kwamba bila wao dunia ingesimama. Kweli. Kahawa ilipofika Umatengo katika miaka ya 1920, alihitajika mtu wa kuthubutu kuitengea ardhi miti isiyoliwa. Lakini na aulizwe mtetezi huyo: jasiri yule alikula nini akingojea mbuni zake zizae? Alikula maharage na mahindi, na chakula hicho kilitoka katika ngoro. Ujasiri wake ulisimama juu ya subira ya mwingine.

Wala si haki kuyapamba ya kale kupita kiasi. Wamatengo walikuwa na sengu, baraza ambalo wanaume wa ukoo walikula pamoja na wazee wakatoa hukumu na mashauri. Chakula kilipikwa na wanawake, wale wale walioshika jembe la ngoro, nao hawakuwa na kiti hapo. Walioijua kazi kwa mikono hawakuulizwa. Ofisi ya leo inayomsikiliza mwenye sauti pekee imeirithi kasoro ya sengu bila kuirithi fadhila yake ya kula chungu kimoja.

Msomaji wa visiwani asidhani haya ni ya bara. Fundi wa jahazi aupimaye ubao kwa jicho, akaurekebisha mkunjo wake kidogo kuliko alivyofunzwa na baba yake, naye huitwa mtu wa mazoea. Ilhali kijana aliyetoka semina na maneno matano mapya huitwa mbunifu.

Waajiri na wakuu wa idara wana wajibu ulio wazi. Na wamwombe fikra zake kwa maandishi asiyependa kunena mkutanoni. Na wampe nafasi ya kwanza ya kusema yule anayeishika kazi yenyewe. Na waupime ubunifu kwa kile kinachobaki kimesimama baada ya misimu miwili ya mvua, maana hivyo ndivyo ngoro inavyopimwa, na hadi leo inalisha watu.