Kadi ya Chama na Haki ya Kuteua

Ndugu askari, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2005 yawakataza ninyi, wanajeshi na polisi, kuwa wanachama wa chama chochote. Kura ya taifa mnayo. Ya chama hamna. Sasa mtazameni raia wa Bugolobi, jirani wa kambi ya Mbuya, mwenye kadi ya NRM mfukoni. Je, katika kumteua mgombea urais, yeye awazidi nini?

Julai 2025 wanachama walijipanga mistari nyuma ya watu waliowataka kwa ubunge. Kwa urais hapakuwa na mstari. Rais Museveni alipitishwa bila kupingwa. Mwenendo huo si wa jana. Februari 2014, huko Kyankwanzi, wabunge wa chama waliazimia awe mgombea pekee wa mwaka 2016. Bwana Amama Mbabazi, Katibu Mkuu wa chama, aliondolewa katika uwaziri mkuu Septemba ile ile, akaishia kugombea nje ya chama. Mwenye kadi hakuulizwa amtaka yupi kati ya hao wawili.

FDC walipiga kura Septemba 2015. Daktari Besigye akamshinda Jenerali Muntu, aliyepata kuwa Mkuu wa Jeshi. Afadhali, ingawa hapo nako waliochagua ni wajumbe tu.

Ibara ya 71 ya Katiba yataka vyama vifuate demokrasia ndani mwao. Basi anayenung'unika kwamba aliitwa kushangilia uamuzi uliokwisha kukatwa haombi fadhila. Naye akitoka barabarani kuyasema hayo, mtakaotumwa kumkabili ni ninyi.