Serumu si dawa ya kila kitu

Kuna jambo linalotugusa sisi wa Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mwisho wa 2022, kolera ilipoingia katika kambi ya waliohama makwao, tuliona kwa macho yetu serumu (maji ya mshipani) ikiinua watu waliokuwa wamekauka kabisa. Tangu hapo, mgonjwa akifika hoi, familia inalilia serumu, tena nyingi, tena haraka. Kwa kolera wako sawa. Kwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyolemea mwili mzima, mambo ni mengine.

Utafiti wa FEAST wa Uganda, Kenya na Tanzania (2011) ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji ya mshipani kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Lusaka nako, katika utafiti uliochapishwa 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini waliopewa maji mengi mapema, na dawa za kupandisha presha, walikufa asilimia 48. Waliotibiwa kawaida, 33. Na hiyo ni hospitali kubwa!

Kinachowahi kuokoa ni antibiotiki. Basi wahudumu wa vituo vyetu, mkiona homa, pumzi za mbio na akili kuchanganyikiwa, tafadhali toeni dozi ya kwanza palepale, kabla mgonjwa hajapandishwa pikipiki kuteremka Goma.